Sam Ntiro na Mlima Aliouchora kwa Kumbukumbu

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la insha lenye kichwa "Mlima wa Kwetu". Tulidhani ni zoezi jepesi. Juba yenyewe ina Jebel Kujur upande wa magharibi, ambao wazee wa Kibari huuita Körök, na ukienda kusini kando ya mto unakutana na kilima cha Rejaf. Wanafunzi wanaotoka Ikweta ya Mashariki wana milima ya Imatong, yenye kilele cha Kinyeti kinachofika mita 3,187, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote nchini mwetu. Basi tulitegemea kusoma habari za mahali hapo.

Tulichosoma kilikuwa theluji. Insha baada ya insha ilifunguka kwa "mandhari nzuri ya kuvutia" na kilele "cheupe kama pamba". Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Katire, chini kabisa ya milima ya Imatong, alijaza ukurasa mzima kwa theluji inayong'aa asubuhi. Tulipomwita na kumwuliza aliiona wapi, alijibu kwa adabu: "Ustaz, mlima wetu hauna theluji. Sasa ningeandika nini?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulijua lakini kosa lilitoka wapi. Vitabu vya Kiswahili tulivyo navyo vimetoka Kenya na Tanzania, na katika vitabu hivyo mlima ni Kilimanjaro, na Kilimanjaro ni theluji. Wengi wetu tunaofundisha lugha hii hapa tuliipata uhamishoni, Kakuma na kwingineko, na sisi wenyewe tuliandika theluji hiyo hiyo katika madaftari yetu tukiwa tumekaa juani Turkana. Mwalimu alitupa alama nzuri.

Ndipo tukamkumbuka Sam Joseph Ntiro, mchoraji ambaye tulisikia habari zake mara ya kwanza tulipokuwa masomoni Dar es Salaam, na ambaye tunaona walimu wa lugha wanamhitaji kuliko wanavyojua. Alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro chini ya kilele cha Kibo. Theluji ilikuwa juu ya kichwa chake tangu utotoni. Hata hivyo, maisha yake yote alichora kilichokuwa chini yake: migomba, nyumba, njia, mifugo, watu wanaolima, watu wanaobeba, watu wanaojenga, watu wanaokwenda sokoni. Mlima wake ni mahali pa kazi.

Hapana budi tueleze kidogo mahali penyewe, kwa sababu bila hivyo picha zake hazieleweki. Machame haifanani na kijiji cha nyanda zetu, ambapo nyumba zinakaa pamoja na mashamba yako mbali. Mchagga anaishi ndani ya kihamba chake. Kihamba ni shamba la nyumbani: juu ipo miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa mboga na viazi. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini na kukatiwa majani, na samadi yao hurudi shambani. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale, mmea ambao pia hutolewa mtu anapoomba msamaha. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa kufuata mteremko, ambayo wenyeji huiita mifongo, na wasafiri wa Ulaya waliofika huko karne ya 19 waliistaajabia. Kwa hiyo ukisimama katikati ya kihamba huoni mbali. Unaona kijani, na nyuma ya kijani ni kijani kingine, na sauti ya mtu hukufikia kabla ya sura yake.

Picha za Ntiro zina hali hiyo. Hazina upeo mpana unaotuvuta macho kwenda mbali kama picha za wasafiri. Vilima hupangwa kimoja juu ya kingine, mti hurudiwa na mti, watu ni wadogo na nyuso zao hazijachorwa, nao hutenda jambo moja kwa pamoja. Kanuni ile ya shule za Ulaya, ya kupunguza ukubwa wa kitu kadiri kinavyokwenda mbali, haimshughulishi sana. Mtu aliyezoea picha za kamera huona kama karatasi imesimamishwa wima na kijiji kizima kikabandikwa juu yake.

Uchoraji huo aliupata Makerere, na hapa ndipo habari inapowahusu walimu wa lugha moja kwa moja. Mwalimu wake alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, na ambaye mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji Kampala kwenye baraza ya nyumba yake. Darasa hilo la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake. Ntiro alifika Makerere mwaka 1944. Trowell hakuwaweka wanafunzi wake mbele ya chungu au mtu aliyeketi na kuwaambia wanakili. Alisimama akawasimulia jambo, kwa mfano tukio la kijijini au kisa cha Biblia, akitaja nani yupo, anafanya nini, ni saa ngapi, hali ya hewa ikoje. Wao walisikiliza, wakaliona akilini, kisha wakachora walichokiona humo.

Wasomaji wetu walimu watatambua mara moja kwamba hilo ni somo la ufahamu wa kusikiliza! Tofauti ni kuwa jibu halikuandikwa bali lilipakwa rangi. Picha ilianza na maneno. Na maneno ya Trowell, kwa jinsi njia hiyo ilivyokuwa, yalilazimika kuwa ya vitendo, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kuchora "mandhari nzuri ya kuvutia". Anaweza kuchora wanawake wanne wanaoteremka na mizigo ya majani.

Njia hiyo ilikuwa na dhana nyuma yake ambayo si lazima tuikubali. Trowell aliamini kwamba Mwafrika ana namna yake ya asili ya kuona, na kwamba mafunzo mengi ya Kizungu yangemharibu. Alikuwa na nia njema, lakini dhana hiyo ilimfanya mwalimu wa kigeni awe mlinzi wa mlango, yeye ndiye anayeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi sicho. Alipostaafu mwaka 1958 nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, mtu wa Afrika Kusini, ambaye alileta mafunzo ya kitaaluma ya rangi, umbo na historia ya sanaa ya dunia. Kuanzia hapo wako waliomtazama Ntiro kama mabaki ya enzi iliyopita, mtu anayechora kitoto.

Ntiro hakuwa mtu asiyejua mambo. Alianza kufundisha Makerere mwaka 1948. Mwaka 1952 alikwenda London kusoma Slade, shule ile ile aliyosoma mwalimu wake, akakaa huko hadi mwaka 1955. Slade ilikuwa inasifika kwa uchoraji wa mwili wa binadamu kutokana na mtu aliye mbele ya mchoraji. Alipotoka huko, picha zake zilikuwa bado ni Machame, bado hazina nyuso, bado zimesimama wima. Mtu aliyepewa nafasi ya kuchora namna nyingine kwa miaka mitatu, akaendelea kuchora alivyochora, amefanya uamuzi. Tunaweza kuubishia uamuzi wake, lakini hatuwezi kusema hakuamua.

Na angalieni alikuwa wapi wakati anachora. Makerere haioni Kilimanjaro, London wala Dar es Salaam haziuoni pia. Paul Cézanne, Mfaransa aliyeuchora mlima wa Sainte-Victoire mara nyingi sana, aliishi karibu nao Aix-en-Provence na alibeba vifaa vyake kwenda kuutazama. Mwaka 1906 mvua kubwa ilimkuta akichora nje, na siku chache baadaye akafariki. Ntiro aliubeba mlima ndani. Mwanafunzi aliyefundishwa kufumba macho na kuona alikuwa na kipawa kilichomfaa mtu wa safari.

Mwaka 1956, baada ya kurudi Makerere, alichora kwa rangi za mafuta picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ni picha ndogo, yapata nusu mita tu upande wake mrefu. Mwaka 1960 kazi zake zilionyeshwa New York, na mwaka huo huo Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la jiji hilo likainunua picha hiyo. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za wachoraji wa kisasa wa Afrika kuingia katika hazina hiyo, na ipo huko mpaka leo.

Pombe inayosemwa hapo ni ya aina ya mbege. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na kimea cha ulezi, na gome la msesewe huipa uchungu wake. Si kinywaji cha kukata kiu tu. Katika ndoa ya Kichagga pombe ni sehemu ya maongezi: imepelekwa, imepokewa, au imerudishwa. Wanafunzi wetu walielewa kabla hatujaeleza. Tuliitoa picha hiyo kwenye intaneti na kuichapisha katika duka moja mjini, na mashine ikaimwagia wino mwingi, usiku ukawa usiku kweli. Hata hivyo swali la kwanza darasani halikuwa kuhusu rangi. Kijana mmoja aliuliza: "Na wakifika, wakikataliwa je?" Akafuatiwa na binti aliyetaka kujua kwa nini usiku. Mabishano yaliendelea kwa Kiswahili dakika arobaini, na hatukulazimika kumkumbusha yeyote aache Kiarabu cha Juba. Mahari ni jambo ambalo kila mmoja wao ana la kusema juu yake.

Lipo jambo jingine ambalo lilitushangaza tulipolijua, na ambalo waandishi wa sanaa hulipita haraka. Mwaka 1953 Ntiro alichapisha kitabu cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichotolewa Nairobi na Eagle Press. Kwa maneno mengine, katika miaka ile ile alipokuwa London akijifunza uchoraji wa Slade, kitabu chake kuhusu nyumbani kilikuwa kinasomwa kwa Kiswahili Afrika Mashariki. Kichagga ndicho kilichokuwa lugha ya mama yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaeleza jirani.

Hilo si dogo kwetu sisi. Yeyote anayeandika habari za Uchagga kwa Kiswahili hukutana na maneno ambayo lugha ya pwani haikuwa nayo. Ukisema "shamba" umesema kidogo mno, kwa kuwa kihamba ni urithi, ni makaburi ya wazee, ni nyumba. Ukisema "mfereji" umetaja maji ukaacha watu wanaoutunza kwa zamu. Baadhi ya maneno hayo yameingia katika Kiswahili cha Tanzania na sasa hayahitaji alama za mtajo. Wanafunzi wetu wako mlangoni pale pale. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo tumeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya mikutano. Ni kweli. Lakini mtu wa Lotuko, wa Didinga au wa Bari hataipenda lugha ambayo ndani yake hana mahali pa kuweka mlima wake. Hata neno lenyewe linatusumbua darasani: mwanafunzi anayesema "jebel" nyumbani hulikimbilia "jabali" akidhani ni mlima, na inabidi tumweleze kwamba Mswahili akitaja jabali anamaanisha mwamba. Naye hutuuliza, kwa haki, kama jabali ni dogo na kilima ni kidogo, iweje mlima mkubwa kuliko yote Afrika uitwe Kilimanjaro? Wataalamu wa majina ya mahali hawajakubaliana mpaka leo, kwa hiyo tunamruhusu acheke.

Turudi kwa Ntiro. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, yeye ndiye aliyetumwa London kuwa Balozi wa kwanza wa nchi hiyo Uingereza, na alikaa huko hadi mwaka 1964. Baadaye alishika madaraka ya utamaduni serikalini na kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Mtu mwenye mafaili na hafla kiasi hicho angetazamiwa aache brashi, au achore bendera na viongozi. Aliendelea kuchora vijiji. Wapo waliosema kwamba picha zake za watu wanaofanya kazi pamoja ziliafikiana vizuri na siasa ya ujamaa, na huenda ziliafikiana, ila alikuwa amezichora tangu ukoloni, kabla neno hilo halijawa sera.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Tunaona udhaifu wake upo mahali pale pale penye nguvu yake. Kumbukumbu huchagua. Kilimanjaro cha ujana wake hakikuwa mahali palipotulia. Misheni ya Kilutheri ilikuwa Machame tangu mwaka 1893, kahawa ilikuwa imeingia katika soko la dunia, chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na uhaba wa ardhi ulikuwa umeanza kuwagombanisha ndugu. Katika picha zake mgogoro huo hausikiki. Watu wake hawagombani. Nadhifu mno, wakati mwingine. Na mtu anayechora kwa kumbukumbu kwa muda mrefu hufikia mahali ambapo hakumbuki tena mlima bali anakumbuka picha yake ya mwisho, na katika baadhi ya kazi tunaona mkono unarudia ulichozoea.

Mchagga mwenzake, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na ambaye pia alisoma Makerere, alichukua njia nyingine. Alikwenda Murang'a, Kenya, na mwaka 1959 akakamilisha michoro mitano ya ukutani katika kanisa kuu lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yesu wake anazaliwa na kusulubiwa katika vilima vya nchi hiyo hiyo iliyomwaga damu. Njau aliingiza jeraha katika mandhari. Ntiro aliliacha nje. Tulipowaeleza wanafunzi tofauti hiyo, darasa liligawanyika, na si kwa kabila wala kwa umri. Mmoja alisema anayechora nyumbani bila vita anadanganya. Mwingine, mama wa watoto watatu ambaye kwa kawaida husema kidogo, alisema vita vimekwisha kuchukua nyumba, visichukue na picha.

Jebel Kujur, kwa mfano, watu wanaupasua. Kina mama hukaa chini yake wakigonga mawe kuwa kokoto za kujengea, na nyumba nyingi za mji huu zimesimama juu ya vipande vya mlima huo. Ntiro angewachora, bila shaka, kwa kuwa wanafanya kazi. Hatujui kama angeuchora mlima ukiwa na tundu ubavuni.

Baada ya mazungumzo hayo tulirudia zoezi la insha, na safari hii tulifuata njia ya Trowell. Tuliwaambia wafumbe macho, nasi tukauliza polepole: Ni saa ngapi? Nani anapita? Amebeba nini? Anakwenda kwa nani? Tulipiga marufuku maneno "mandhari" na "kuvutia" kwa wiki mbili, na theluji kwa mwaka mzima. Walipoanza kuandika, madaftari yalijaa vitenzi, pamoja na makosa ya upatanisho wa kisarufi ambayo hatujayaona kwa wingi hivyo tangu muhula wa kwanza, kwa kuwa sasa walikuwa wanajaribu kusema vitu ambavyo hawakuvikariri. Mwalimu anayependa karatasi safi asijaribu.

Kijana wa Katire alichelewa kuleta yake. Aliondoka milimani akiwa na umri wa miaka minne, akakulia Kakuma, na alituambia ilimbidi ampigie simu mama yake. Aliandika juu ya njia inayoteremka kutoka msituni alfajiri, ukungu, mjomba wake akiwa na mzigo wa mbao begani, na bibi yake akisubiri kwa moto chini ya mwarobaini mbele ya nyumba. Kurasa mbili, bila theluji. Alipomsomea mama yake kwa simu, akimtafsiria, mama alisikiliza mpaka mwisho akacheka. Kila kitu ni sawa, alimwambia, isipokuwa mwarobaini. Mwarobaini ulikuwa Kakuma, mbele ya kibanda chao cha kambini. Kule mlimani haukuwapo.

Alituletea daftari na kalamu nyekundu yake mwenyewe. "Ustaz," akauliza, "niufute?"

Tulimwambia auache.